Chanjo ya kichaa haimkingi mbwa dhidi ya homa ya mgunda

KATIKA maeneo ya machimbo kama Saza, wilayani Songwe, mbwa si pambo la nyumba. Ni mlinzi. Usiku hulala kando ya karasha la kusagia mawe au mlangoni mwa duka, mchana huzurura kwenye mialo na majalala, na akishikwa na kiu hunywa maji yaliyo karibu naye, yawe ya bakuli, ya dimbwi au ya shimo lililoachwa na wachimbaji.

Mwenye mbwa wa namna hiyo anaweza kuwa mtu makini. Siku ofisa mifugo alipopita kutoa chanjo ya kichaa cha mbwa, alimpeleka, akachomwa sindano na kadi ikaandikwa. Tangu siku hiyo, kwa mwenye mali hesabu imefungwa: mbwa amechanjwa.

Hapo ndipo lilipo kosa linalogharimu uhai wa mbwa na, wakati mwingine, wa mtu anayemfuga. Chanjo ya kichaa humkinga mbwa dhidi ya kichaa peke yake. Haina uwezo wowote juu ya leptospirosisi, ugonjwa ambao Watanzania waliuzoea kwa jina la homa ya mgunda baada ya mlipuko wa Lindi mwaka 2022. Kichaa husababishwa na virusi, homa ya mgunda husababishwa na bakteria. Hayo ni maradhi mawili, na kila moja lina chanjo yake.

Ugonjwa uliotikisa Ruangwa

Julai 2022, wakazi wa Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, walikumbwa na ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana. Wagonjwa walikuwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu na, jambo lililozua hofu kubwa, kutokwa na damu puani. Vipimo vya magonjwa yaliyohofiwa zaidi, yakiwamo Ebola na Marburg, havikuonyesha kitu. Baada ya uchunguzi, Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ni homa ya mgunda. Watu 20 waliugua na watatu kati yao walifariki dunia.

Kwa wengi jina hilo lilikuwa geni, lakini ugonjwa wenyewe ni wa siku nyingi. Daktari wa Kijerumani, Adolf Weil, alieleza dalili zake kwa binadamu mwaka 1886. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa karne hiyo ya 19, mbwa wengi walikufa katika mji wa Stuttgart, Ujerumani, kwa maradhi yaliyokuja kufahamika kuwa ya jamii hiyohiyo.

Mwaka 1915, wataalamu wa Kijapani, Ryukichi Inada na Yutaka Ido, walimtambua mdudu mwenyewe. Walimpata katika damu ya wachimbaji wa makaa ya mawe waliokuwa wakigeuka rangi ya manjano na kufa. Kwa hiyo, ugonjwa huu umekuwa na uhusiano na migodi tangu chanzo chake kilipogunduliwa: palipo na shimo, maji, matope na panya, nao hujipatia makazi.

Kwa nini Saza iwe na tahadhari

Saza ni sehemu ya ukanda wa dhahabu wa Lupa, ambao umechimbwa tangu miaka ya 1920. Mgodi wa New Saza ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanganyika katika miaka ya 1940 na 1950. Tangu Januari 2016 eneo hilo limo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya, na makao makuu ya wilaya yake yapo Mkwajuni.

Mvua za ukanda huo huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo mashimo hujaa maji, vijito hufurika na njia huwa matope. Bakteria wa leptospira hutolewa na mnyama aliyeambukizwa kupitia mkojo. Wakiangukia juu ya mwamba mkavu unaopigwa na jua, hufa upesi. Wakiangukia majini au kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, wanaweza kuishi kwa wiki kadhaa na hata miezi.

Panya ndiye mbebaji anayeogopwa zaidi, kwa sababu huishi na vijidudu hivyo ndani ya figo zake bila kuugua na kuendelea kuvitoa katika mkojo maisha yake yote. Hata hivyo, hayuko peke yake. Ng'ombe, nguruwe, mbuzi na wanyamapori nao hubeba aina mbalimbali za leptospira.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu ikolojia ya Katavi-Rukwa, eneo lililo jirani na Songwe kwa upande wa Ziwa Rukwa, ulikuta kingamwili za leptospira kwa takriban asilimia 30 ya watu waliopimwa na kiasi kama hicho kwa ng'ombe. Kwa panya, ilikuwa takriban mmoja kati ya watano. Kingamwili hazina maana kwamba mtu au mnyama anaumwa wakati anapopimwa, bali ni alama kwamba mwili wake umewahi kukutana na vijidudu hivyo. Huko Morogoro, tafiti za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) zimekuta kingamwili hizo kwa mbwa pia.

Wala mjini si mahali pa kujidai usalama. Mwaka 2021, Kaunti ya Los Angeles, Marekani, iliripoti visa zaidi ya 200 vya ugonjwa huu kwa mbwa, wengi wao wakiwa wamepitia kwenye mabanda ya kutunzia mbwa. Ikiwa jiji tajiri la namna hiyo limeguswa, basi Tunduma, Vwawa na Mbeya, ambako taka za masoko huvuta panya kila usiku, hazina sababu ya kulala.

Mbwa huambukizwaje

Mbwa hahitaji kuumwa na panya ili aambukizwe. Bakteria hupenya kupitia mchubuko wa ngozi au kupitia ngozi laini ya mdomo, pua na macho. Inatosha anywe maji yaliyochafuliwa, aoge dimbwini, ale panya aliyemkamata, anuse na kulamba mkojo wa mbwa mwenzake, au ale kondo la ng'ombe lililotupwa.

Vijidudu vikishaingia husafiri katika damu na, baada ya takriban wiki moja, hushambulia viungo, hasa figo na ini. Dalili za mwanzo hufanana na za maradhi mengi: homa, unyonge, kukataa chakula, kutapika na kutembea kwa shida kwa sababu ya maumivu ya misuli. Baadaye mbwa anaweza kunywa maji mengi kupita kawaida na kukojoa mara kwa mara au, figo zikizidiwa, kuacha kukojoa kabisa. Ini likiathirika, weupe wa macho na fizi hugeuka manjano. Wengine hupumua kwa shida kwa sababu ya damu kuvuja katika mapafu.

Wapo pia mbwa wanaoambukizwa bila kuonyesha dalili yoyote. Hao ni hatari ya kimyakimya, kwa sababu wanaweza kutoa vijidudu katika mkojo kwa wiki au miezi huku wakicheza na watoto uani.

Chanjo inafanya nini na haifanyi nini

Kuna zaidi ya aina 250 za leptospira zinazosababisha maradhi, na kinga dhidi ya aina moja kwa kawaida haimkingi mnyama dhidi ya aina nyingine zote. Chanjo za mbwa zilizotumika kwa muda mrefu zaidi zina aina mbili, Canicola na Icterohaemorrhagiae. Ya kwanza ina uhusiano wa karibu na mbwa wenyewe na ya pili na panya. Chanjo mpya zaidi zina aina nne.

Mara nyingi chanjo hii huchanganywa na zile za maradhi mengine ya mbwa, kama distempa na pavo. Zipo pia zilizounganishwa na ya kichaa katika sindano moja. Kwa sababu hiyo, mwenye mbwa hawezi kujua kwa kuhesabu sindano. Njia ya uhakika ni kusoma kadi. Katika vifupisho vinavyoandikwa kwenye lebo za chanjo, herufi L ndiyo inayosimama kwa leptospira, na L4 humaanisha aina nne. Kadi yenye neno la kichaa peke yake inaonyesha kwamba mbwa hajakingwa dhidi ya homa ya mgunda. Chanjo inayotolewa katika kampeni za umma za kutokomeza kichaa kwa kawaida ni ya kichaa tu.

Jambo la pili ni idadi ya dozi. Mbwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza anahitaji dozi mbili, zinazopishana kwa wiki mbili hadi nne kutegemea maelekezo ya mtengenezaji. Watoto wa mbwa wanaweza kuanza wakiwa na umri wa wiki nane hivi. Dozi ya kwanza huuamsha mwili, ya pili ndiyo huujenga uwezo wa kupambana. Anayeishia kwenye dozi ya kwanza ametumia fedha zake bila kupata kinga ya kutegemewa.

Jambo la tatu ni kurudia. Chanjo ya kichaa inaweza kumkinga mbwa kwa zaidi ya mwaka mmoja kutegemea aina yake, lakini ya leptospira hurudiwa kila mwaka. Ikiwa muda umepita sana, daktari anaweza kuamua kuanza upya na dozi mbili.

Mwaka 2023, jopo la mabingwa wa tiba ya wanyama wa Marekani lilipendekeza mbwa wote wachanjwe kila mwaka, bila kujali wanaishi mjini au shambani. Mwaka uliofuata, chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo kiliiweka chanjo hiyo miongoni mwa zile za lazima katika maeneo yenye ugonjwa ambako chanjo inapatikana.

Pamoja na hayo, chanjo haiondoi wajibu mwingine. Mbwa aliyekamilisha dozi zote bado anaweza kukutana na aina ya leptospira ambayo haimo ndani ya chanjo yake. Chanjo ni mlango imara, lakini mlango hauna maana ikiwa dirisha limeachwa wazi kwa panya.

Kuhusu madhara, mbwa wengi hupata unyonge au uvimbe mdogo kwa siku moja au mbili. Mara chache sana mwili hukataa ghafla: uso huvimba, mbwa hutapika au kuishiwa nguvu. Ndiyo sababu ni busara kukaa karibu na mtoa chanjo kwa nusu saa hivi kabla ya kuondoka.

Kalenda ya Saza

Septemba 28 ya kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi huambatana na uchanjaji. Kwa maeneo ambayo mvua huanza Novemba, tarehe hiyo ina faida ya pili. Mfugaji anayempeleka mbwa mwishoni mwa Septemba kwa ajili ya kichaa anaweza kuomba siku hiyohiyo dozi ya kwanza ya leptospira, akarudi baada ya wiki tatu au nne kwa dozi ya pili, na mvua zikaanza kunyesha mbwa akiwa tayari ana kinga.

Kikwazo kikubwa kwa sehemu zilizo mbali na miji ni ubaridi. Chanjo hutakiwa kukaa katika nyuzi joto 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka inapochomwa. Kichupa kilichonunuliwa mjini na kusafirishwa mfukoni ndani ya basi kwa saa kadhaa kinaweza kuonekana kizima ilhali nguvu yake imekwisha.

Badala ya kila mmoja kujinunulia, wenye mbwa wanaweza kujiorodhesha, wakachanga na kumwita mtaalamu wa mifugo aje na kasha lenye barafu kwa siku moja. Wamiliki wa makarasha, maduka na mialo, ambao mbwa wao hulinda mali ya thamani, ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza katika orodha hiyo.

Kumnyima panya chakula na mbwa dimbwi

Kinga ya pili inaanzia jikoni na stoo. Pumba, mahindi na dagaa wa kulishia mbwa vihifadhiwe katika ndoo au pipa lenye mfuniko. Mabaki ya chakula cha mbwa yaondolewe kabla ya giza, kwani bakuli lililoachwa nje usiku huwa meza ya panya. Bakuli la maji lioshwe na kujazwa maji safi kila siku, tena liwe kubwa la kutosha, kwa sababu mbwa mwenye kiu ndiye anayekwenda dimbwini.

Mitego ni salama kuliko sumu. Sumu ya panya imewaua mbwa wengi, ama kwa kuilamba moja kwa moja au kwa kumla panya aliyekwisha kuila. Na kuua panya bila kuondoa taka na vichaka vinavyowahifadhi ni kazi isiyo na mwisho, kwa maana wengine huja kuchukua nafasi.

Mashimo ya zamani yaliyo karibu na makazi yafukiwe au yazungushiwe uzio, jambo ambalo pia huokoa watoto wasitumbukie. Mbwa asiachwe kuzurura machinjioni, wala asipewe figo mbichi au kondo la mifugo.

Mbwa akiugua

Mbwa aliyeacha kula na mwenye homa baada ya siku za mvua asisubiriwe mpaka macho yawe manjano. Homa ya mgunda hutibika, na kadiri tiba inavyowahi ndivyo figo zinavyosalimika. Daktari wa mifugo hutumia viuavijasumu; doksisaiklini kwa muda wa wiki mbili ndiyo huondoa vijidudu hata ndani ya figo. Mbwa anayetapika huanzishiwa dawa ya sindano ya jamii ya penisilini, kisha hubadilishiwa. Wengi huhitaji pia maji ya mishipa. Kumpa vidonge vilivyobaki nyumbani kwa kukisia ni kumchelewesha.

Uthibitisho hupatikana maabara. Siku za mwanzo vijidudu hutafutwa katika damu, baadaye katika mkojo. Kipimo cha kingamwili huhitaji damu ya mara mbili, kwa kupishana wiki mbili hivi, ili kuona kama kiwango kinapanda. Ofisa mifugo wa kata au wilaya ndiye wa kwanza kuulizwa namna ya kufikisha sampuli kwa Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) au SUA. Lakini daktari anaposhuku, tiba haingoji majibu.

Wakati wa matibabu, mbwa afungwe sehemu kavu, mbali na vyanzo vya maji na mahali wanapochezea watoto. Anayemhudumia avae glovu na viatu vilivyofunika mguu, anawe kwa sabuni, na asafishe mahali palipokojolewa kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji. Hakuna haja ya kumuua wala kumtupa. Mbwa wengine wa nyumba hiyo nao waonwe na daktari, kwa kuwa huenda wamekunywa maji yaleyale.

Homa ya mtu isiyo malaria

Kwa binadamu, hatari kubwa hutokana na panya, mifugo na maji machafu kuliko mbwa. Hata hivyo, mbwa anayeugua huwa kama kengele: anachokunywa na anapopita ndipo wanapopita watu wa nyumba hiyo. Makadirio ya kitafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa duniani watu wapatao milioni moja huugua leptospirosisi kila mwaka na karibu 59,000 hufa.

Nchini Tanzania tatizo hujificha nyuma ya malaria. Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 ulihusisha wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya nusu yao walidhaniwa kuwa na malaria, lakini vipimo vya kina vilithibitisha malaria kwa chini ya asilimia mbili tu. Leptospirosisi ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyokuwa yakipita bila kutambuliwa.

Ndiyo maana mchimbaji, mfugaji au mama wa nyumba mwenye homa, ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, anapaswa kumweleza mganga mambo ambayo pengine hataulizwa: kwamba amefanya kazi ndani ya maji au matope, kwamba nyumbani kuna panya, na kwamba mbwa wake aliugua au kufa wiki chache zilizopita. Taarifa hiyo haina gharama, na inaweza kumfanya mganga aanze dawa sahihi siku hiyohiyo.

Kwa mwenye mbwa, kazi ya kwanza ni nyepesi zaidi: kuitafuta kadi ya chanjo mahali ilipohifadhiwa na kuisoma upya kabla mvua hazijaanza.